UZI: Nani kamchora Spider-Man vizuri kuliko wote? Tushindanishe kurasa za ndani, majalada tuyaache pembeni

Kurasa_Tisa

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mada ya wachoraji wa Spider-Man huharibika mapema, kwa sababu watu hubandika majalada na kuanza kubishania majalada. Kazi ya jalada ni kuuza. Hapa naomba tuzungumzie kurasa za ndani za The Amazing Spider-Man, jarida la katuni la kampuni ya Marvel, tangu toleo la 1, Machi 1963. Tumpime mchoraji kwa mambo matatu: mwili unavyosafiri hewani, mji unavyokaa chini ya huo mwili, na jinsi mtu aliyefunikwa uso mzima anavyoweza kuonekana kaogopa, kakasirika au kachoka.

Kwa wageni wa mada, zamu kubwa zilikwenda hivi. Steve Ditko alichora 1 hadi 38. John Romita Sr. akaingia na la 39, Agosti 1966. Gil Kane akapokezana naye mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ross Andru akashika 125 hadi 185 akiruka machache tu. John Romita Jr. akaja mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ron Frenz baada yake, Todd McFarlane kuanzia 298 hadi 328, Erik Larsen, halafu Mark Bagley kuanzia 351 mpaka 415. Baada ya hapo zamu zikawa fupi fupi.

Kura yangu naiweka mezani sasa hivi: Ross Andru.

Sababu ni nafasi. Chukua fremu yoyote, yaani kisanduku kimoja cha picha, ambayo Spider-Man yuko juu ya makutano ya barabara. Wachoraji wengi huchora mji kwanza, kisha humbandika mtu juu yake. Ukitazama vizuri, mistari ya majengo inakimbilia upande mmoja na mwili unakimbilia kwingine. Andru huwaweka wote ndani ya hewa moja. Ukishusha mstari wa wima kutoka kwenye soli ya shujaa, unajua utatua kwenye paa lipi. Tena mitaa yake ni mitaa ya New York kweli, kona zina umbo la kona za Manhattan, matangi ya maji yako juu ya mapaa yanayostahili kuwa na matangi.

Kwa nini hatajwi? Hapo ndipo majalada yalipomponza. Toleo la 129 la Februari 1974, ambalo Punisher anatokea mara ya kwanza, kila mtu analijua kwa jalada, na jalada ni la Gil Kane na Romita Sr. Kurasa za ndani ni za Andru. Watu wanamkumbuka aliyechora mlango, aliyejenga nyumba wanamsahau.

Udhaifu wake naujua: nyuso za raia wa kawaida wakati mwingine zimekakamaa, na akina dada wake hawamfikii Romita hata kidogo. Karibuni.

MzeeUtando

Mkuu umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Spider-Man wa leo, kwenye fulana, kwenye michezo ya kompyuta, hata kwenye sinema anapochuchumaa juu ya nguzo ya taa magoti yakiwa juu ya masikio, ni wa McFarlane. Kabla yake Spider-Man alikuwa mwanasarakasi. McFarlane akamfanya buibui.

Alibadilisha vitu vitatu vinavyoonekana wazi. Macho yakapanuka mpaka yakala nusu ya kinyago. Mwili ukakunjwa, kiwiko kikapita goti, mguu mmoja ukaja usoni kwa msomaji na mwingine ukapotelea mgongoni. Na utando anaorusha, ambao kwa miaka 25 ulikuwa mistari miwili mitatu yenye alama za kukatana katikati, ukawa kamba ya nyuzi zilizosokotana, kila uzi ukichorwa peke yake na vitanzi vikizunguka nje. Wenyewe wakauita tambi. Hakuna aliyerudi nyuma baada ya hapo.

Na sokoni ameshinda pia: ukurasa halisi wa jalada lake la toleo la 328 uliuzwa mnadani Heritage mwaka 2012 kwa dola 657,250.

Kurasa_Tisa

Jalada tena, kaka. Jalada.

WinoMzito

Nimeusoma uzi wote na hakuna aliyetaja mtia wino. Huwezi kulinganisha wachoraji wa penseli bila kujua nani kapita juu ya penseli yao, maana unachokiona kwenye karatasi ni wino.

Mfano uko hapohapo kwa McFarlane. Toleo la 298 na la 299 wino ni wa Bob McLeod. La 300, Mei 1988, McFarlane kajitia wino mwenyewe. Yafungue pamoja. Kwa McLeod mistari ni laini, inanenepa na kukonda kwa utaratibu wa brashi, vivuli vimekaa pale ambapo msuli unavihitaji. Kwa McFarlane mstari ni wa nibu, mkali, na kila eneo tupu linajazwa vijistari: nywele, mikunjo ya koti, ufa wa ukuta, moshi. Penseli ni ya mtu yuleyule, ukurasa umekuwa mwingine.

Tahadhari kwa atakayefanya zoezi hilo: usilinganishe vazi. Kwenye 298 na 299 Spider-Man bado amevaa nguo nyeusi, ambayo haina utando hata mstari mmoja. Nyekundu na buluu inarudi mwishoni mwa la 300. Kwa hiyo linganisha nywele za Mary Jane (mke wa Spider-Man), madirisha na utando unaorushwa.

Sasa turudi kwa Andru wako. Alitiwa wino zaidi na Mike Esposito, Frank Giacoia na Dave Hunt. Esposito alikuwa mshirika wake wa miaka mingi, anajua wapi Andru kaacha alama nusu na anaimalizia. Lakini mstari wake ni wa unene mmoja sana. Kina kile unachokisifia kimo kwenye penseli, na wino mara nyingi unakipunguza, kwa sababu jengo la mbali limepewa mstari mnene sawasawa na bega la karibu. Sheria ya zamani kabisa ya wino ni kwamba cha karibu kinenepe, cha mbali kikonde, na cha mbali zaidi kikatike katike. Ukitaka kumwona Andru amepewa haki yake, tafuta lile jarida kubwa la 1976 la Superman na Spider-Man. Wino ni wa Dick Giordano, na ukurasa ni mkubwa kuliko wa kawaida.

chini_ya_daraja

Nimeweka kiti. Endeleeni.

MtozaKurasa

Kiongozi WinoMzito kasema kweli, na niongeze: hata jina la "mchoraji" kwenye ukurasa wa mbele lina mitego. Romita Sr. watu wanamhesabia matoleo mengi kuliko aliyochora kwa mkono wake mwanzo mpaka mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 matoleo kadhaa yalikwenda hivi: Romita anapanga ukurasa kwa michoro ya haraka, fremu ngapi, nani amesimama wapi, kisha Don Heck au Jim Mooney anamalizia penseli au wino, na Romita anarudi kurekebisha nyuso. Ukimsifia Romita kwa mpangilio uko sahihi. Ukimsifia kwa kila kidole cha mkono, soma kwanza majina.

Kwa Ditko hakuna mtego huo. Penseli yake, wino wake. Na kwa kuwa Marvel walikuwa wanachora kwanza halafu Stan Lee anaandika maneno juu ya picha zilizokwisha kuchorwa, mpangilio wa kisa nao ni wake kwa sehemu kubwa. Kuanzia 1965 alikuwa akitajwa rasmi kuwa mtunga kisa.

Kurasa_Tisa

Na Ditko ndiye namba mbili wangu, jina langu la humu linatosha kuwaambia. Fremu tisa, tatu kwa tatu, zenye ukubwa sawa. Watu hudhani ni uvivu wa mpangilio. Fremu zinapolingana, jicho halihangaiki na umbo la sanduku, linahesabu mwendo tu: mkono umepanda, umefika, umeshika. Kisha siku anapoivunja hiyo gridi, unashtuka.

Ndiyo maana toleo la 33, Februari 1966, linafanya kazi. Spider-Man kabanwa na mtambo wa chuma chini ya maji, dawa ya shangazi yake iko mbele yake na mkono haufiki, maji yanazidi kuingia. Ditko anaanza na fremu ndogo, uzito uko juu, mtu yuko chini ya sanduku amekunjamana. Kurasa zinavyokwenda fremu zinapanuka, mpaka ule ukurasa wa picha moja tupu ambapo mtambo unainuka. Hakuna uso wa kuonyesha maumivu. Kuna mgongo, shingo iliyozama kati ya mabega, na vidole. Ditko aliongea kwa vidole. Hata ile ishara ya kurusha utando, vidole viwili vya kati vinabonyeza kiganja na vingine vimenyooka, ni ya mikono yake, na wachoraji wote waliokuja nyuma wameirithi.

MzeeUtando

Sawa, lakini Ditko wako wanawake wake wote wana sura ya mwalimu wa zamu.

MtozaKurasa

Ha ha. Ndiyo maana akaja Romita. Jamaa katoka kuchora majarida ya mapenzi kwa miaka kule DC, kampuni pinzani ya Marvel, anajua namna shingo inavyogeuka mtu anapoitwa na asiyemtaka. Ditko alimficha Mary Jane: katika toleo la 25 la 1965 ua limekaa mbele ya uso wake, msomaji haoni kitu. Mwaka uliofuata, Novemba 1966, fremu ya mwisho ya toleo la 42, Romita kamsimamisha mlangoni na msomaji anamwona kwa mara ya kwanza. Fremu ile haina kitendo chochote. Ni mtu kasimama, nyonga imeegemea upande mmoja, bega la upande huo limeshuka, kidevu kimeinuka. Vitu vitatu, umeshamjua tabia.

Na msisahau kwamba matoleo yake ya kwanza alijilazimisha kumwiga Ditko, akidhani Ditko mwenyewe atarudi. Lisome la 39 kisha la 50 la Julai 1967. Mistari inafunguka, Peter Parker, kijana aliye ndani ya kinyago, ananenepa mabega, weusi unakuwa mpana na wenye umbo safi. Hilo la 50 lina ule ukurasa wa vazi limetupwa kwenye pipa na kijana anaondoka mvuani. Kila miaka michache kuna mchoraji anayeurudia.

Kane naye? Mbona mnampita kama kituo kisicho na abiria?

chini_ya_daraja

Kane nitamtetea mimi, na jina langu pia linatosha.

Gil Kane alikuwa mwalimu wa mwili unaopigwa. Ngumi yake haiishii kwenye taya: anayepigwa anapinduka kumwelekea msomaji, miguu juu, mgongo umepinda kama upinde, na aliyepiga tayari amepita hatua moja mbele. Tena anapenda kuchora uso kutoka chini, mpaka unahesabu matundu ya pua. Ndiyo, ni ugonjwa wake, kila mtu anayo orodha ya matundu ya pua ya Kane. Lakini kwa kutazama kutoka chini, mtu wa kawaida anakuwa mrefu na dari linakuwa karibu, na kisa cha hatari kinahitaji hivyo.

Toleo la 121, Juni 1973, kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, anayeanguka kutoka darajani. Penseli Kane, wino Romita Sr. na Tony Mortellaro. Huo ndio mchanganyiko bora kuliko wote kwenye mfululizo huu: mifupa na mwendo wa Kane, ngozi na nyuso za Romita. Kane peke yake angemfanya Gwen awe na mashavu ya mawe. Romita peke yake asingemwangusha vile. Na ile fremu ya utando kumdaka mguuni, neno dogo la mlio likiwa karibu na shingo, imewekwa katikati ya vurugu kiasi kwamba wengi waliipita, wakaigundua baadaye.

Kosa lake liko palepale. Maandishi yanasema ni daraja la George Washington, ambalo minara yake ni ya chuma tupu. Mnara aliouchora ni wa mawe, ni wa Brooklyn Bridge kabisa.

Kurasa_Tisa

Asante kwa kunisaidia kampeni. Andru asingekosea daraja.

BintiPenseli

Kaka zangu mnaongea kama wasomaji. Niongee kwa upande wa wanaoshika kalamu, maana kuna kipimo kimoja hamjakigusa: utando wa kwenye vazi. Ndio unaoua muda wa mchoraji, na kila mmoja ameukwepa au kuukabili kwa njia yake.

Kinyago kwanza. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Chora yai la kichwa, weka mstari wa katikati ya uso na mstari wa macho, yote miwili ikizunguka yai, siyo kunyooka kama rula. Chora macho kabla ya utando, kwa sababu utando unaishia kwenye ukingo wa jicho. Weka nukta ya kuanzia katikati ya macho, pale pua inapoanza. Kutoka hapo toa mistari minne, juu, chini, kushoto, kulia. Gawanya iwe minane, kisha kumi na sita. Yote ipinde kufuata yai. Halafu ndipo zije tao za kuunganisha, na tumbo la kila tao lielekee kwenye ile nukta ya katikati, siyo nje. Karibu na pua tao zibanane, ukienda kisogoni ziachane.

Yanayoharibika: ukinyoosha mistari, uso unakuwa sahani. Ukigeuza tumbo la tao litazame nje, kichwa kinafanana na mpira wa kikapu. Ukiweka nafasi sawa kila mahali, kinyago kinaonekana kimebandikwa badala ya kuvutwa. Na ukianza na utando kabla ya macho, macho hayalingani kamwe.

Sasa unene. Ukurasa wa kawaida tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 huchorwa kwenye eneo la inchi 10 kwa 15, kisha unapunguzwa mpaka kama inchi 6 kwa 9 ukichapwa. Kila kitu kinabaki asilimia 60. Ukiacha nafasi ya milimita 1 kati ya mistari ya utando, msomaji anapata 0.6. Kwenye karatasi ya gazeti ya zamani wino unatambaa, na 0.6 ikiwa ndani ya kivuli cha rangi nyekundu inaziba kabisa. Ditko aliweza utando mwembamba uliojaa kwa sababu wakati wake eneo la kuchorea lilikuwa inchi 12 na nusu kwa 18 na nusu. Alikuwa na uwanja mpana zaidi wa kuchezea nibu.

Ukiijua hiyo, utamwelewa kila mmoja. Romita Sr. aliachanisha mistari ili ichapike safi. Andru, kwenye fremu za mbali, anaacha utando nje kabisa au anagusa kinyago tu, na hiyo ni busara, siyo uvivu: mtu wa urefu wa sentimita 2 akijazwa utando anakuwa doa. McFarlane aliujaza wote, lakini kufikia 1988 uchapaji ulikuwa bora kuliko wa Ditko, na alikuwa anajitia wino, kwa hiyo hakuna mtu wa pili wa kumlaani.

WinoMzito

Dada umemaliza. Niongeze la rangi. Vazi lile mwanzo lilikuwa jekundu na jeusi, buluu ikiwa mng'aro tu juu ya weusi. Tazama Ditko wa 1963, sehemu za buluu zina weusi mwingi sana. Mwaka baada ya mwaka weusi ukapungua na buluu ikala nafasi. Mtu anayejitahidi kurudisha uzito wa Ditko bila kurudisha weusi hatafika.

Ndiyo maana nguo nyeusi ya 1984 ilikuwa nafuu kwa wachoraji wote. Hakuna utando, kuna buibui mkubwa mweupe kifuani na mgongoni, umbo la mwili linasomeka kwa mng'aro tu. Toleo la 252, Mei 1984, ni la Ron Frenz, naye anastahili pongezi kwa jambo ambalo halisemwi: alirudisha wembamba wa Ditko makusudi, mabega membamba, vidole virefu, wakati kila mtu alikuwa anamkuza Spider-Man kama mnyanyua vyuma.

MtozaKurasa

Romita Jr. amesahaulika kabisa? Huyu ni wawili ndani ya mmoja.

Wa kwanza ni wa matoleo ya mwaka 1980 hadi 1984. Anachora karibu na baba yake, safi, na wamalizaji kama Jim Mooney wanamlainisha zaidi. Somo lake ni matoleo ya 229 na 230, Juni na Julai 1982, Spider-Man dhidi ya Juggernaut, kisa cha Roger Stern. Tazama jinsi anavyotunza uwiano. Juggernaut haongezeki ukubwa fremu hadi fremu, anaongezeka uzito: lami inapasuka, mapaja hayapindi, na Spider-Man kila akimgusa ndiye anayesogea. Anazama kwenye saruji mbichi mwishoni na unaamini.

Wa pili anaonekana wazi kwenye toleo la 30 la mfululizo wa pili, Juni 2001, mwandishi J. Michael Straczynski, wino Scott Hanna. Hapo viungo vimekuwa vya mraba, ngumi ni matofali, mistari ya kivuli imenyooka kama mikwaruzo. Pambano na adui aitwaye Morlun lina kitu ambacho McFarlane hana: uchovu. Vazi limechanika, mwili umelegea kiunoni, kichwa kinatangulia mabega. Wasiompenda husema watu wote wana kichwa kimoja, na kwa watoto wako sahihi kabisa, mtoto wa Romita Jr. ni mtu mzima aliyefupishwa.

Kwa wanaonunua nakala za zamani: toleo la 238, Machi 1983, ambalo adui Hobgoblin anatokea mara ya kwanza, lilikuja na karatasi ya tatuu za kubandika ndani. Uliza picha ya hiyo karatasi ikiwa bado imeshikamana kabla hujalipa, bila hiyo bei inashuka sana na wauzaji wengine hukaa kimya.

MzeeUtando

Bagley hamumtaji kwa sababu hana vituko. Matoleo 351 hadi 415, halafu matoleo 111 mfululizo ya jarida lingine, Ultimate Spider-Man, na mwandishi Brian Michael Bendis, wakapita rekodi ya Stan Lee na mchoraji Jack Kirby ya 102 kwenye Fantastic Four. Na huyu aliingia Marvel kupitia shindano lao la wachoraji wapya.

BintiPenseli

Bagley ni somo la kutochelewa. Mifumo yake michache anairudia: mkao wa kuruka mguu mmoja umekunjwa, uso wa robo tatu, kidevu chenye ncha. Anairudia kwa sababu inasomeka, na ukurasa unamalizika. Penseli zake kwa adui Carnage, toleo la 361 la Aprili 1992, zilitiwa wino na Randy Emberlin, mstari mkali unaofaa kiumbe asiye na umbo la kudumu. Kwenye Ultimate alipata kazi ngumu zaidi: watoto wa shule wawili wanaongea kurasa sita. Hapo anabadilisha umbali tu, karibu, mbali, mgongoni, mikono, na husikii kuchoka.

Kwa uso wa kijana hasa, kura yangu ni ya Sara Pichelli kwa Miles Morales, kijana mwingine anayevaa kinyago cha Spider-Man, tangu 2011. Miles wake ana mwili wa miaka 13: shingo nyembamba, viganja na miguu mikubwa kuliko mikono, anasimama kama hajui aweke wapi viwiko. Ditko tu ndiye aliyekuwa na ujana wa namna hiyo.

chini_ya_daraja

Na Marcos Martín, toleo la 655 la 2011, mazishi ya Marla Jameson, mke wa bosi wa zamani wa Peter. Kurasa za mwanzo hazina neno hata moja. Kisha ndoto ya Peter, ngazi zinapanda na kushuka kwa wakati mmoja, jicho linazunguka ukurasa bila kupotea. Mistari michache, rangi bapa za Muntsa Vicente. Ukitaka kujua mtu aliyemsoma Ditko akamwelewa badala ya kumwiga, ni huyo.

Mgeni_wa_Mada

Wakuu, heshima kwenu. Mimi nasomea kwenye simu, kisanduku kimoja kimoja kinajivuta chenyewe. Nianze na yupi, na je, nitayaona haya mnayosema?

WinoMzito

Hutayaona, hasa kwa Ditko na Martín. Zima huo mvuto wa kisanduku, laza simu, ukurasa mzima uonekane kwanza, ndipo ukuze unachotaka. Gridi ya fremu tisa ikikatwa katwa inakuwa picha tisa tu.

Na chagua chapa. Marudio mengi ya sasa yamepakwa rangi upya kwa kompyuta kwenye karatasi inayong'aa. Rangi za zamani zilikuwa nukta za wino kwenye karatasi ya kijivu, zikipauka zenyewe. Zikihamishwa kwa nguvu ileile kwenye karatasi nyeupe zinapiga kelele na kufunika mistari. Kwa kujifunza kuchora, tafuta vitabu vya Essential vya rangi nyeusi na nyeupe. Cha kwanza kina hadithi ya Amazing Fantasy 15, ambamo Spider-Man alitokea mara ya kwanza, na matoleo 20 ya mwanzo. Karatasi yake ni duni, ila mstari wa Ditko uko uchi.

MzeeUtando

Mwambieni pia asimkose Larsen. Ulimi mrefu wa Venom, yule adui mweusi, na mate yote yale ni wake. Kwa McFarlane lilikuwa tabasamu la meno tu.

Kurasa_Tisa

Kwa Mgeni: chukua toleo la 33, la 121, la 129, la 230, la 300 na la 655. Usisome maneno mara ya kwanza. Kwenye kila moja tafuta fremu tatu ambazo Spider-Man yuko hewani, weka kidole alipo, kisha jiulize anatua wapi. Andika jibu. Fungua fremu inayofuata uone kama ametua hapo.

McFarlane atakushinda mara nyingi. Rudi na majibu yako, na mzee Utando asiseme nimekupangia mtihani wa upendeleo.

MzeeUtando

Umempangia. Mgeni, ongeza la 316 kwa ajili yangu, Venom anarudi, ufanye mtihani wote upya.